Mkasi wa Nguo Haukati Karatasi

Mchungaji alileta suruali ipunguzwe, akaondoka ametuachia balaa. Alisimama katikati ya chumba chetu cha kushonea, tepu yangu ikining'inia kiunoni mwake, akatazama ukuta wa kushoto, akatazama ukuta wa kulia, machozi yakamlengalenga.

"Dada zangu," akasema, "hii ndiyo imani! Si ya Jumapili tu. Imani inayokwenda kazini!"

Kuta zote mbili zilikuwa zimejaa mistari ya Neno, imeandikwa kwa wino mzito kwenye karatasi za manila. Upande wangu kumi na tisa, upande wa wifi kumi na saba. Mchungaji aliona ibada. Ilikuwa vita.

Wifi yangu ni mjane wa kaka yangu wa pekee. Tunafanya kazi chumba kimoja: cherehani mbili, meza moja ya kukatia, pasi moja, mlango mmoja. Mimi nakata, yeye anamalizia, ndiyo maana wateja wananiita mimi Mama Chaki na yeye wanamwita Mama Vifungo. Na siku ile mchungaji alipotutembelea, tulikuwa na mwaka na miezi miwili hatujasemezana.

Sababu ni mkasi. Cheka, lakini kama wewe si fundi huwezi kujua. Mkasi wa nguo haukati karatasi. Ukiukatia karatasi makali yanakufa, na kuanzia hapo kitambaa haukikati, unakitafuna. Mkasi wangu nina nao miaka kumi na minane. Wiki moja baada ya kumzika kaka, nikaingia kazini, nikamkuta wifi amekaa sakafuni na mkasi wangu mkononi, vipande vya karatasi vimemzunguka. Sikuuliza kitu. Nilibwata maneno ambayo mengine siwezi kuyarudia. Nitarudia moja tu: nilimwambia kila anachoshika kinakufa. Akanyanyuka, akauweka mkasi mezani, na tangu saa ile hakunielekezea neno.

Ila kazi haisubiri walionuniana. "Mwambie huyo bibi mikono ya gauni iko tayari," namwambia mteja. Mteja anageuka, anamfikishia habari mtu aliyeketi hatua mbili kutoka kwangu, na ambaye masikio yake ni mazima. Wateja walichoka. Basi siku moja nikabandika mstari kuhusu watu wasio waaminifu na mali ya wenzao. Kesho yake ukuta wa pili ukanijibu kwa boriti na kibanzi. Nikampelekea mwanamke mpumbavu anayebomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Akanirudishia ulimi ni moto. Maishani mwangu sijawahi kusoma Neno kwa bidii kama mwaka ule. Nilisoma asubuhi, nikasoma wakati wa chakula, natafuta risasi.

Jumapili tulikaa mabenchi tofauti, nguzo katikati yetu, ili ratiba ikifika pa kupeana amani mikono isifikiane.

"Jumamosi," mchungaji akaendelea, "akina mama wote watakuja hapa hapa kujifunza. Ninyi wawili mtatoa ushuhuda, mkisaidiana."

Wifi alikuwa anashona kifungo. Hakuinua uso.

"Nitasema ukweli wote, mchungaji," akasema. "Halafu nahama. Nimepata pa kushonea karibu na kwa dada yangu."

Mchungaji akadhani anakwenda kufungua kanisa jipya, akamshika mkono kwa nguvu akampongeza.

Mimi nikainama chini ya meza, najifanya natafuta chaki. Chaki ilikuwa mkononi. Wifi akiondoka, ni nani mwingine niliyebaki naye anayejua kwamba kaka alikuwa anaanza kuucheka mzaha wake kabla hajaumaliza? Nilitaka abaki. Nilitaka hivyo kuliko kitu chochote. Lakini nilitaka aniombe msamaha kwanza.

Mtu mzima mwenye akili zake angemwambia. Mimi niliandika mstari wa ishirini, juu ya kutubu, kwenye manila ya njano, nikaubandika usawa wa macho yake. Alianza kukusanya vifungo vyake kwenye kopo, rangi kwa rangi, kama mtu anayefunga safari.

Ijumaa akapita mnoa visu na baiskeli yake yenye jiwe la kunolea. Nikavua mkasi shingoni, maana huwa nauvaa kwa kamba siku nzima, nikampa huku napaza sauti ifike upande wa pili.

"Hebu uunoe tena, kaka. Kuna mtu aliukatia karatasi, hadi leo haujapona."

Akauinua mwangani, akapitisha ukucha kwenye makali, akacheka.

"Mama Chaki, mkasi huu nimeunoa mara sita tangu mwaka jana. Nikiurudisha, mzima. Nikija tena, umekufa. Huu unakatiwa karatasi sasa hivi. Wiki hii hii." Akakwangua karibu na skrubu, akanionyesha kitu kwenye ncha ya kidole. "Ona. Manila hiyo. Ya njano."

Nikageuka nikatazama ukuta. Mistari yangu ishirini, kila mmoja una kingo zilizonyooka, kazi safi ya fundi. Nilikuwa naikata kwa kitu gani? Sikuwahi kujiuliza. Hasira ikinipanda mkono unashika kilicho karibu, na kilicho karibu kilikuwa kinaning'inia kifuani mwangu. Kisha nikatazama ukuta wa wifi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba karatasi zake zote zimechanwa kwa mkono. Kingo zina manyoya. Mwaka na miezi miwili, mkasi wangu hakuugusa tena.

Cherehani nyuma yangu ikanyamaza. Nilikuwa na la kusema, tena nililipenda: kwamba mnoa visu ni mwongo. Lilinifikia hadi kwenye meno.

"Wifi," nikasema badala yake. Sauti yangu niliiona ngeni. "Siku ile ulikuwa unakata karatasi gani?"

Mnoa visu ana adabu zake. Ghafla akapata kazi kwenye mnyororo wa baiskeli.

Wifi akanyoosha kidole juu ya cherehani yake, kwenye picha ya kaka.

"Picha ilikuwa kubwa, fremu ndogo," akasema. "Fremu uliyonunua wewe. Nilitaka uingie uikute imeshatundikwa."

Picha hiyo niliisalimia kila asubuhi. Siku nyingine nilisimama mbele yake kabisa, namshtakia kaka mke wake.

Nikakaa sakafuni, pale pale alipokuwa amekaa yeye, nikalia.

"Nisamehe, wifi. Mkasi, na lile neno."

"Neno lipi? Umenibandikia ishirini." Alikuwa anacheka, au analia, sikuweza kutofautisha. "Nalijua. Hilo ndilo lililoniuma. Mkasi ningekununulia mwingine. Nyanyuka, sakafu ina pini."

Jioni ile tulibandua mistari yote, tukaiweka kwenye boksi moja, yangu na yake.

Jumamosi wakaja akina mama thelathini na mmoja, wengi na madaftari. Walikuta kuta tupu zenye alama za gundi, na picha moja. Mchungaji akazunguka chumba kizima kama aliyeibiwa.

"Imekwenda wapi?"

"Tumeishusha, mchungaji," wifi akasema. "Ilikuwa juu mno, hatuifikii."

Wakasubiri ushuhuda. Nikasimama, nikasema nilimkosea wifi yangu nikamwomba radhi, naye amenisamehe, na kuna magauni manne yanahitajika kabla ya saa kumi. Wakasubiri mengine. Hayakuwepo. Mama mmoja akauliza manila nzuri zinauzwa duka gani.

Jumapili mchungaji alihubiri juu ya watu wanaoanza kwa moto kisha wakapoa. Alihubiri vizuri, kwa uchungu, akitutazama. Sisi tulikuwa benchi moja, upande huu wa nguzo. Kopo la vifungo lilikuwa limesharudi kando ya cherehani yake tangu jana. Ratiba ilipofika pa kupeana amani, wifi akanipa mkono nikaupokea, na tukasahau kuachiana hadi kapu la sadaka lilipopita mbele yetu, tukashindwa kulishika.