Majina ya Kwenye Rafu

Mume wangu ni fundi wa meno ya bandia, na kasoro yake moja ni kwamba anaandika. Mchana anachonga magego, jioni anarusha watu kwenye sayari. Mimi napokea wateja, nakoroga plasta na kutunga majina.

Hayo majina ndiyo kisa chenyewe. Mteja akija, tunachukua umbo la fizi zake kwa plasta, likikauka tunalipanga kwenye rafu. Sasa, watu wetu wako radhi waitwe wezi kuliko waitwe vibogoyo. Hakuna anayetaka jina lake lionekane pale. Kwa hiyo kila mmoja nampa jina la kubuni, naliandika chini ya umbo lake, na ndilo ninalomwitia akiwa kwenye benchi. Ukiniuliza habari za meno ya hakimu mstaafu, simjui. Namjua Tizaleko. Siri hiyo ndiyo inayotulisha.

Basi bwana akamaliza riwaya yake ya safari za anga. Sikuisoma, nina dunia moja tu na kuifagia kwenyewe kumenishinda. Nilikuja kuifungua siku ya uzinduzi, ukumbi wa maktaba umejaa, nikitafuta tu cha kujipepea. Mstari wa kwanza: “Mfalme Gorazumi wa sayari ya tisa alikenua.”

Nikafunua mbele. Tizaleko, rubani mlevi. Mvorani, malkia wa roboti. Rafu nzima imehamia angani!

Nikamfinya paja mume wangu, tuliyekaa naye jukwaani. “Umefanya nini wewe?”

“Nilikosa majina, mke wangu. Yako mazuri, na yalikuwa yamejipanga pale pale.”

“Wenyewe wamekaa mbele yako!”

“Nani atajua?”

“Kila mtu analijua lake!”

Na kweli. Hakimu mstaafu alikuwa ameweka kidole chini ya neno moja, hakisogei. Mwalimu wa kwaya, Mvorani wangu, alikuwa amefumba mdomo kama aliyegomea dawa. Akisimama mmoja tu kulalamika, siri imekwisha, na sisi tumefunga duka.

Jukwaani alikuwepo pia mhadhiri, mchambuzi wa kitabu. Huyo ndiye Gorazumi wangu mwenyewe, seti kamili, juu na chini. Akashika kipaza sauti, na hotuba yake yote ikawa juu ya majina.

“Gorazumi, ndugu zangu, si jina la hivi hivi. Gora ni mzizi wa kale kabisa, maana yake kiu. Zumi ni mwangwi wa utupu. Gorazumi ni nafsi isiyoshiba!”

Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola. Hapo nikamwelewa: alikuwa anayafukia meno yake kwa falsafa, koleo baada ya koleo. Watu wakawa wanaandika. Aliposema Tizaleko ni hekima iliyofungwa minyororo, hakimu alijiweka sawa koti.

Kisha mwandishi wa gazeti akanyoosha mkono. “Swali kwa mtunzi. Majina haya umeyatoa wapi?”

Mume wangu hajui kudanganya. Nilimpendea hilo, na siku ile nililijutia. Akasimama, akakohoa kidogo. “Kwa kweli yalikuwa kwenye ra—”

“Mtunzi,” mhadhiri alinguruma, “ndiye mtu wa mwisho kujua maana ya kazi yake! Kaa chini, ndugu yangu!”

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Waliopiga kwa muda mrefu zaidi ni wa safu ya mbele. Mume wangu alikaa amenuna, na mimi nusura nilie kwa furaha.

Wiki iliyofuata wakaanza kuja, mmoja mmoja, nami nimejiandaa kutukanwa. Wala! Hakimu alitaka kujua kwa nini amekufa kabla ya kulifikia jua. Mwalimu wa kwaya aliomba toleo la pili apewe roboti wenye adabu zaidi. Wa mwisho, muhula ulipokwisha, alikuwa mhadhiri, seti ya chini inamkwaruza. Alikaa kwenye kiti, akahakikisha mlango umefungwa.

“Dada, nikuulize. Ulipolitunga hili jina langu, ulikuwa unawaza nini?”

“Chakula. Ulikuja wakati nataka kwenda kula.”

“Kwa hiyo halina maana?”

“Halina.”

“Hata mzizi?”

“Mzizi gani, kaka yangu? Hata meno yenyewe hayana.”

Akaitazama rafu. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Ile maana yake ya kiu na utupu ilikuwa imeshafundishwa chuoni, wanafunzi wameshaifanyia mtihani, na kuna waliofeli. Kisha akanishika mkono.

“Dada yangu, haya meno ukitaka katangaze hata sokoni. Lakini hilo la jina, nakuomba, libaki humu humu.”

Nikamwambia afungue mdomo.