Shubiri Mbili za Kuku

Ijumaa hiyo mjukuu wangu Wankyo aliweka daftari la hesabu mapajani mwangu, akasema bila kupepesa macho, "Bibi, nikipata sifuri tena, shule naacha. Nitaanika dagaa pamoja nawe."

Nilimkemea, kwa kuwa sikumlea ili akate tamaa akiwa kidato cha pili. Hata hivyo, hesabu zile za mteremko wa mstari sikuzijua. Shule niliyosoma mimi iliishia kwenye sehemu na desimali. Nikamtuma akamwite jirani yetu Adventina, binti aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu.

Adventina alinikuta kwenye chanja nikigeuza dagaa. Chanja yangu nimeiinamisha upande mmoja, ili maji yachuruzike. Aliniamkia, akafungua daftari, akacheka.

"Wewe, mbona mistari yako yote inaanzia sifuri?"

"Ile namba ya mwisho huwaga naisahau, dada."

"Huwa," nikasema.

"Huwa naisahau, Bibi."

Adventina akamvuta hadi kwenye nguzo fupi ya chanja. "Tuanzie hapa. Kila ukienda hatua mbili, nguzo inarefuka shubiri moja. Huo ndio mteremko. Haya, ukifika hatua ya nne, nguzo ina urefu gani?"

"Shubiri mbili."

"Kapime."

Wankyo akapima, akarudia kupima. "Nne! Sasa hizi mbili zimetoka wapi?"

"Muulize bibi. Kwa nini hakuanzia chini kabisa?"

"Kuku," nikajibu. "Ningeanzia chini, wangemaliza dagaa wote."

Wankyo akawatazama kuku, akaitazama nguzo fupi, kisha akanyakua kalamu. "Kumbe! Nusu ya hatua, jumlisha mbili za kuku!"

Jioni hiyo alirudia maswali yote, nami sikumtuma hata maji.

Jumatatu alirudi mbio, daftari limejaa alama za vema, kosa moja tu. "Bibi, kesho niamshe mapema. Tunaanza mada mpya."

Nilimkamata tetea wangu mweupe, nikampelekea Adventina.

"Jamani, Bibi! Kwa hesabu tu?"

"Hesabu ni zake yeye. Mimi umenirudishia mtoto shuleni. Ahsante sana, mjukuu wangu."

Wankyo, aliyekuwa nyuma yangu, akadakia, "Mpokee, dada. Huyo ndiye mbili mwenyewe."

Safari hiyo sikumsahihisha.