Bahasha ya Arobaini na Moja

Akina mama wenzangu mnaofanya kazi jengo moja na watoto wenu, someni haya kabla hamjafungua mdomo. Mimi niliufungua.

Mimi ni mfagizi, na chai ya mikutano napeleka mimi. Binti yangu ni mchunguzi humo humo. Wanachunguza mashimo meusi ya angani. Alinieleza siku moja tukimenya viazi: mashimo hayo humeza kila kitu, hata mwanga. Mawili yakigongana, anga hutikisika, na mashine zao huunasa mtikisiko huo. Baada ya hapo kimya. Lakini wapo wanaosema pale ukingoni mwa shimo kuna mambo ya kwanta, madogo mno, ambayo huenda yakarudisha mtikisiko kidogo, kama ukuta unavyorudisha sauti. Miaka mitatu binti yangu alikuwa akiutafuta mwangwi huo, mpaka wenzake wakambandika jina.

"Bi Mwangwi, leo umeitikiwa?"

"Bado. Ila wewe nakusikia, punguza kelele."

Anacheka nao, lakini nyumbani hagusi chakula.

Mwishowe akaupata, kwenye mtikisiko wa arobaini na moja. Hafifu, lakini upo. Ijumaa saa nne angesimama mbele ya wote aseme ni wa kweli au si wa kweli.

Sasa, mkuu wao, tunayemwita Miwani, ana mtego wake. Mara nyingine huingiza mwangwi wa uongo kwenye mashine kwa siri, aone nani atadanganyika. Huandika kwenye karatasi alichofanya, anaitia kwenye bahasha, anaifunga kwa gundi. Hufunguliwa mbele ya watu, mchunguzi akishasema neno lake. Hayo nilikuwa nayajua, na nilidhani nayajua yote.

Jumatano napangusa meza ya Miwani, nikaiona bahasha. Imefungwa. Juu yake: 41.

Akilini nikamwona mwanangu amesimama mbele ya watu, na wale wa kumcheka wamejaa ukumbini. Jioni hata viatu hajavua nikamvamia mlangoni.

"Mwanangu, Ijumaa usiseme ni wa kweli. Ule mwangwi kauweka Miwani."

Akabaki ameshika kiatu kimoja. "Mama, umeona au umedhani?"

"Nimeona. Kwa macho yangu haya."

"Umeona nini? Hapana, usinijibu! Mama, usiniambie kitu kingine!" Akakaa chini pale pale sakafuni. "Mtu akishaambiwa kilichomo kwenye bahasha anaondolewa kwenye ukaguzi. Ndiyo kanuni. Umenifanya nini, mama?"

Siku mbili nilikuwa namsikia chumbani akitembea, anasimama, anatembea tena.

Ijumaa niliingia na toroli la chai, vikombe vinagongana. Watu kama ishirini. Bahasha iko mezani. Miwani akauliza, "Haya, binti. Unasema ni wa kweli, au unauondoa?"

Binti yangu alisimama.

"Sisemi lolote," akasema. "Nimeambiwa kilichomo kwenye bahasha."

"Na nani?"

Alikuwa anaangalia meza. Nikaona ataungua peke yake, nikaweka birika chini.

"Na mimi, mama yake."

Miwani akanigeukia. "Uliifungua, mama?"

"Sikuifungua. Niliiona ina namba yake, nikajua umemtega."

Kijana mmoja wa nyuma akacheka, halafu akajizuia. "Lakini mama, kila mtikisiko una bahasha! Umewekwa uongo, haukuwekwa, bahasha ipo. Kusudi mtu asijue kwa kuiona tu."

Miwani akaichana. Karatasi ilikuwa na maneno mawili. Akasoma: "Sikuweka kitu."

Ukumbi ukalipuka. Watu wakasimama, wengine wakakimbilia kompyuta. Mwangwi haukuwa wa Miwani. Labda ni kelele za mashine, labda ni kile kitu chenyewe, bado hawajajua. Watakaokagua ni wengine. Jina la binti yangu limeondolewa kwenye arobaini na moja.

"Kanuni ni kanuni, hata ukiambiwa visivyo," Miwani alisema, na hakupandisha sauti. Bora angefoka.

Jumapili tulikuwa sebuleni, mimi na yeye. Nikasikia kifuniko cha sufuria kinagonga jikoni.

"Maji yamechemka," nikamwambia.

Hakuinua macho. "Umeona, mama, au umedhani?"

Nikainuka nikaenda kufunua. Dirisha lilikuwa wazi, upepo ndio uliokuwa unakigonga kile kifuniko. Maji yametulia, hata mvuke hayana.