Lango la Mtoni

Mvua ilianza alfajiri, na ilipofika mchana kisima kinachopokea majitaka ya mji mzima kilikuwa kimejaa karibu na mdomo. Pampu kubwa ilikuwa imekwama. Ndogo ilivuta kwa kukoroma, lakini maji yalizidi kupanda.

Injinia wa zamu alisimama ukingoni, koti limelowa chapachapa, mkono juu ya usukani wa lango la mtoni. Akiuzungusha, uchafu wote ungeingia mtoni bila kusafishwa, na kisima kingepumua. Asipouzungusha, maji yangerudi nyuma kwenye mabomba na kuibukia vyooni, mtaa wa bondeni. Huko ndiko alikozaliwa, na mama yake hajahama.

"Fungua, dada!" fundi wa pampu alipaza sauti. Walimwita Kimya kwa sababu hajui kunyamaza. "Unangoja nini?"

"Mji wa chini wanachota maji ya kunywa mto huohuo. Lazima wafunge njia yao ya kuingiza maji kwanza."

Alikuwa amewapigia simu mpaka kidole kikachoka. Akapiga tena. Ikaita weee, ikakata.

"Hawapokei."

"Basi lawama si yetu."

"Watoto wakianza kuharisha, nenda kawaambie hivyohivyo."

Aliuachia usukani, akampigia mama yake.

"Mama, toka nyumbani. Chukua dawa zako za presha, nenda kwa shangazi. Choo kitafurika."

"Si uko hapo kazini wewe? Kizuie!"

"Nikikizuia huko kwako, watu wa chini watakunywa."

Mama aliguna. Kisha: "Mimi? Kitindamimba wangu ndiye wa kunifanyia hivi?" Simu ikakatika.

Machozi yalimlenga, lakini hakukuwa na nafasi ya kulia. Yeye na Kimya wakashika mnyororo wa winchi, wakaanza kuivuta pampu kutoka kisimani. Mnyororo uliteleza mikononi, pampu ikashuka tena, wakavuta upya. Kwa mara ya kwanza Kimya alikuwa kimya kweli. Pampu ilipotokeza, mapanga yake ya kusukuma maji yalikuwa yameviringishwa na blanketi zima. Fundi akalikata kwa kisu vipande vipande, kisu kikamchana glavu na kiganja, akafunga kwa kitambaa safi na kuendelea.

Waliishusha. Injinia akabonyeza swichi. Pampu ikakohoa, ikanyamaza. Akabonyeza tena, meno yameumana. Ikanguruma.

Maji yalisimama palepale, kama yanayofikiria, kisha yakaanza kushuka.

Jioni aliingia nyumbani kwa mama yake na buti, ndoo na dawa ya kuua vijidudu. Harufu ilimpokea mlangoni. Kochi lilikuwa limelowa hadi mgongoni, zulia halitazamiki. Mama, kanga amejifunga kibwebwe, alikuwa akisukuma tope nje.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitika. Alimrushia brashi.

Walisugua mpaka sakafu ikaanza kuonekana. Ndipo mama akauliza, bila kumtazama, "Na hao wa chini, wamejua?"

"Wamepiga simu baadaye. Mtu wao alikuwa ametoka. Njia ilikuwa wazi muda wote."

Mama alisita, kitambaa mkononi. Akakikamua kwa nguvu, kama anayemnyonga mtu.

"Wazi muda wote," alirudia. Akashusha pumzi. "Marahaba. Haya, inua kochi, kule nyuma hujafika."