Buibui Aliyepambwa kama Bi Harusi

Byabato alikuwa mpiga picha wa harusi, na hakumruhusu mtu yeyote wa Bukoba mjini asahau hilo. Kwenye dirisha la studio yake walibandikwa maharusi tisa, nyuso laini kama sabuni ambayo haijaguswa maji. Annastella aliwatazama kila alipopita, akaamua mwishowe kwamba walikuwa mtu mmoja aliyebadilishiwa gauni.

Yeye alikuwa mtunza maabara wa sekondari moja ya Ijuganyondo. Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, alikwenda kwao Buganguzi, akapiga magoti kwenye kibanja cha migomba cha mama yake na kumngoja buibui mrukaji mmoja, mdogo kuliko punje ya kahawa, aliyeishi upande wa chini wa jani la mgomba. Kamera ilikuwa ya mtumba. Lenzi aliigeuza nyuma mbele ili ikuze. Mwanga wa flashi aliulainisha kwa kopo la mtindi alilolikata mwenyewe. Kwa ukaribu ule, picha moja huonyesha vizuri sehemu nyembamba kama ukucha tu, nyingine zote ukungu. Basi asubuhi moja ya umande, buibui angali mzito kwa baridi, alisogea mbele kidogo kidogo, pumzi ameizuia, akapiga picha kumi na saba na baadaye akaziunganisha kuwa moja.

Mkuu wa shule aliitazama kwenye simu, akaguna.

"Ikichapwa vizuri, tunaibandika maabara Ijumaa, wazazi wakija. Isipochapwa vizuri, tunairudisha ile ya panzi."

Ile ya panzi ilikuwa imefifia mpaka panzi amebaki miguu.

Mashine ya kuchapa karatasi kubwa alikuwa nayo Byabato. Jumatano Annastella alimpelekea kadi ya kamera, na Alhamisi mchana akaifuata kazi yake.

"Mama Maabara! Njoo umwone mtoto wako," Byabato alisema, akaikunjua karatasi juu ya meza kama anayekunjua kitenge cha mahari.

Annastella aliitazama muda mrefu. Uso wa buibui uling'aa. Haukuwa na unywele hata mmoja.

"Macho mengine yako wapi?"

"Macho gani? Si hayo mawili, makubwa, mazuri?"

"Pembeni yake kulikuwa na mawili madogo. Na huku juu ya kichwa manne."

"Ah, vile vinundu! Zile chunusi nimezitoa," Byabato alisema, akajipangusa mikono. "Na vumbi lote la usoni nimelifuta. Alikuwa na manyoya, mama, kama mbuzi!"

"Hii mikono miwili mifupi mbele ya mdomo?"

"Ilikuwa inaziba tabasamu."

"Hana tabasamu. Ana meno, na ndani ya meno ana sumu."

"Waitu, mama, usinifundishe kazi. Nina miaka kumi na minne kwenye sura za watu. Wewe nenda ukamlee mdudu wako mgombani."

"Mdudu ana miguu sita. Huyu ana minane, kama nayo hujaifuta."

Byabato aliinama haraka, akahesabu miguu. Annastella alimwona akihesabu, na dharau aliyokuwa ameizuia tangu mlangoni ikamkaa vizuri usoni. Alifungua mkoba, akatoa kichupa angavu cha vidonge chenye matundu kifunikoni. Ndani yake alikuwamo buibui mwenyewe, aliyeletwa ili wanafunzi wamwone kabla ya kurudishwa kwenye jani lake. Akatoa na kioo cha kukuzia.

"Tazama, fundi wa sura."

Byabato alicheka, akaweka jicho. Buibui akageuka mzima mzima, akamwelekea. Ndani ya yale macho makubwa kitu kilisogea. Weusi ukawa rangi ya asali, kisha weusi tena.

"Ananitazama!"

"Anakutazama. Yale madogo ya pembeni yamekuona ukisogea, haya makubwa yanakuchunguza ni kitu gani. Hesabu."

"Mawili... manne..." Alizungusha kichupa polepole. "Hapa juu kuna mengine. Sita. Na haya, nane." Alinyanyua kichwa. Shingo yake ilikuwa na jasho. "Lakini mama, hapendezi."

"Hakuja kuolewa."

Kadi ilikuwa bado na picha ya kwanza, haijaguswa. Annastella alisimama nyuma ya kiti cha Byabato mpaka mashine ikaitema karatasi yote, unyoya kwa unyoya, macho manne mbele na manne juu. Kwenye ukingo wa chini, kwa herufi nene, studio ilikuwa imejichapa: BYABATO, TUNAPENDEZESHA.

"Una mkasi?" Annastella aliuliza.

Alikata ule ukingo pale pale mezani, bila haraka, akamwachia.

Ijumaa picha ilibandikwa. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walihesabu macho kwa sauti wazazi wakisikiliza, na mkuu wa shule akamwambia mwalimu wa zamu aitie panzi jalalani.

Ile nyingine, ya uso uliong'aa, Byabato hakuitupa. Iko dirishani kwake mpaka leo, katikati ya maharusi wawili. Ukisimama barabarani ukawatazama wote watatu, utaona kwamba hata huyu wa katikati anachokosa ni gauni tu.