Njia Niliyoipima kwa Mbuzi

Yarrow alipiga simu saa mbili asubuhi, nami nikaruka kama msichana. Kaka yangu huyu alikuwa anashuka kutoka Hadado na ngamia themanini, siku ya tisa bila maji, na sasa walikuwa wameshavuka barabara ya lami. Baada ya saa mbili wangefika mto Tana, hapa shambani kwangu, nje kidogo ya mji wa Garissa. Miaka minne sikuwa nimemtia machoni.

"Abaayo, dada yangu, malka iko wazi?" aliuliza. Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni, na kwetu haina mwenyewe.

"Iko wazi, wallahi! Njoo!"

Nilikata simu nikapiga vigelegele. Roda, jirani yangu wa shamba, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno, alisimamisha jembe akanitazama.

"Wazi kwa nani? Ile njia yako inapitisha mbuzi. Ngamia wenye kiu watapanga foleni kama watoto wa shule?"

Furaha ikaniisha, kwa sababu alisema kweli. Kwa miaka mitatu waliokuja kunywa walikuwa mbuzi tu, na kila msimu nilisogeza ua wa miiba hatua moja, hatua mbili, nikapanda matikiti. Mimi, niliyelelewa kwa maziwa ya ngamia, nimeipima malka kwa mbuzi! Ngamia akinusa maji baada ya siku tisa hafuati mstari. Huja mbio, kundi zima bega kwa bega, na ule ua wangu wangeukanyaga bila hata kuuona. Tena wangeingia moja kwa moja kwenye matikiti niliyoyanyunyizia dawa jana, ile yenye picha ya fuvu kwenye chupa, iliyokwisha kutufukuzia nyuki wote. Ngamia akila majani yale anakufa. Na Yarrow hana kitu kingine duniani.

"Mpigie, mwambie asubiri," Roda alisema.

Nilipiga mara nne. Hapatikani.

Lori la mnunuzi lilikuwa lije Jumamosi. Matikiti yalikuwa yameshiba, yanang'aa, msimu mzima wa mgongo wangu umelala pale chini. Nilichukua panga.

"Roda, ita wanawake! Tunang'oa!"

Walikuja tisa, na Roda wa kumi. Wengine walivuta mashina, wengine walikimbiza matikiti na majani kwenye ghala la mabati, wengine walihamisha miiba kutengeneza ua mpya. Abshiro, mwenye mimba ya miezi saba, tulimlazimisha kukaa. Akakaa, lakini akaanza kututangazia dakika kama mtangazaji wa mpira: "Bado saa moja! Ramlo amepitwa, Ramlo amechoka!" Ramlo akamtupia udongo. Tulicheka, tulitoka jasho, tuliyatukana matikiti. Mikono ilichanika na sikusikia maumivu yoyote. Sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda ile ya kuharibu shamba langu.

Kisha tukasikia kengele za mbao.

"Wanakuja!"

Tulirusha miiba ya mwisho, tukakimbilia pembeni. Wakashuka, shingo mbele, vumbi nyuma, upana wa malka yote, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Waliingia mtoni hadi magotini. Wachungaji wakaanza kuwaimbia, jinsi ngamia wanavyoimbiwa wakinywa, nami nikalia mbele ya watu bila aibu.

Yarrow alikuja amekonda, anacheka. Akainama, akaokota mzizi mbichi.

"Shurie, hii malka imefunguliwa lini?"

"Robo saa iliyopita."

Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Hapo ndipo nilipoona vumbi lingine nyuma yake, makundi matatu.

"Wale ni nani?"

"Watu wa njiani. Sijui hata ukoo wao."

"Nani amewaambia waje huku?"

"Waliniuliza habari, nikawapa. Mtu akikuuliza maji porini, utamficha? Nilisema dada yangu ameniambia malka iko wazi."

Malka ilikuwa imejaa ngamia wake, hapana hata pa kuchomeka fimbo. Nyuma ya ua mpya yalikuwa yamebaki matikiti yangu ya mwisho, na dawa juu yake. Kwa kaka yangu nilikuwa nimeng'oa bila kufikiri. Hawa sikujua hata majina yao. Roda alinitazama.

Vumbi lilikuwa linakaribia, na kengele zimeanza kusikika. Nilimwekea Yarrow panga mkononi.

"Dada yako amesema iko wazi," nilimwambia. "Anza upande ule, abowe. Mimi naanza huku."