Uvimbe Wenye Vitundu

Gizani, kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga: ti, ti, ti. Mshonaji alikuwa macho zamani, amelalia upande wa kichwa usio na mshono. Jikoni, wifi yake alikuwa anachemsha maji ya kuoga.

Tangu atolewe uvimbe kwenye utando unaofunika ubongo, alikuwa akingoja jibu moja tu: ni saratani, au siyo. Jana simu ikalia. "Vipande vya uvimbe wako vina sura isiyo ya kawaida," karani wa maabara alisema. "Daktari anataka kukuona."

"Isiyo ya kawaida," alirudia sasa, akimvisha binti yake gauni. "Basi ndiyo hivyo, wifi."

"Ndiyo vipi? Hata wewe si wa kawaida, na kaka yangu kakuoa."

Alicheka, lakini vidole vikakosa kishikizo, vikakosa tena.

Kule maabara walipokewa na daktari wa vipimo vya tishu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. "Si saratani," alisema hata kabla ya salamu. "Haya, karibuni viti."

Mshonaji alibaki wima. "Mbona niliambiwa..."

"Pole, mwanangu. Chini ya hadubini, uvimbe wa aina hii mara nyingi hujiviringisha kama maganda ya kitunguu. Wako, vitundu vitupu! Nikasema, makubwa haya. Nikakata vipande vingine, nikavitia rangi nyingine, nikawaita na wenzangu watazame. Sura ndiyo ngeni, tabia yake ni ileile ya upole. Utakuwa unarudi kupigwa picha ya kichwa, tuone kama hauoti tena."

"Kumbe siku zote hizi mlikuwa mnashangaa urembo wake!" wifi akadakia.

"Hasa. Na karani nitamsema."

"Naomba niuone," mshonaji alisema.

Akainamia hadubini. Rangi ya waridi tupu, nyuzi nyembamba zimezunguka matundu, kama lesi. Aliikagua kwa jicho la kazi, akitafuta mahali palipochanika. Hakupaona. Hapo ndipo alipovuta kiti. Akaketi, machozi yakimtoka bila sauti, akampakata mwanawe.

"Na mimi," mtoto alisema, akivuta mkono wa mama.

Daktari akaishusha hadubini kidogo. Mtoto aliziba jicho moja kwa kiganja, akatazama weee, kisha akageuka.

"Mama, kichwani mwako kulikuwa na mapovu."